Hakuna Haramia wa Buluu



Kuna ubishi katika nyumba nyingi za mji wetu wa Goma, nasi twaona haufai kufichwa ndani ya kuta. Umeme ukiwapo, kijana huketi muda mrefu mbele ya kioo cha televisheni au cha kompyuta. Huongoza merikebu irukayo mawinguni. Huifuata merikebu nyingine, huiteka, hutwaa mali yake. Mzazi akiuliza, "Unafanya kazi gani hapo?" mtoto hujibu bila haya: "Papa, mimi ni haramia wa angani."

Hapo nyumba hugawanyika. Wazazi wengine husema: mchezo huo ni shule ya wizi, tena umejaa mizungu na mazimwi, utupwe nje. Vijana husema: ni mchezo tu, hauna neno. Sisi twasema wazi tangu mwanzo kwamba pande zote mbili zimekosea. Mzazi ameogopa mahali pasipo na hatari, na kijana amestarehe mahali penye hatari.

Mchezo wenyewe ni nini?

Si haki kuhukumu jambo kabla ya kulijua. Mchezo tunaousema huitwa Skies of Arcadia. Ulitungwa Japani katika kampuni ya Sega, kwa ajili ya mashine iitwayo Dreamcast. Ulitoka Japani mwezi wa Oktoba 2000, na Marekani mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Mashine hiyo haikudumu. Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba itaacha kuiunda. Lakini hadithi haikufa. Ilitolewa tena kwa mashine ya GameCube, na hata leo wapenzi wake huicheza katika kompyuta, kwa programu zinazoiga mashine za zamani.

Ni mchezo wa aina ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa hadithi. Husafiri naye, humchagulia la kujibu anapoulizwa, na vitani humpangia pigo moja moja kwa zamu. Hadithi haimaliziki kwa siku moja. Hudai makumi ya saa.

Dunia ya mchezo huo haina bahari. Visiwa vyaelea angani, na juu yake yang'aa miezi sita, kila mmoja na rangi yake. Mawe ya miezi hiyo huanguka chini, na kwa nguvu ya mawe hayo merikebu huruka. Dola moja kubwa, jina lake Valua, yenye merikebu za vita, yataka kuwatawala watu wote. Kijana Vyse na rafiki yake Aika ni watu wa kundi la Maharamia wa Buluu. Sheria ya kundi lao ni kushambulia merikebu zenye silaha tu, wala kutomgusa mnyonge. Wapo na wengine, Maharamia Weusi, ambao humwibia yeyote.

Hadithi hiyo si peke yake. Mwaka 2006 ulitoka mchezo mwingine mashuhuri, Final Fantasy XII. Ndani yake kijana yatima, Vaan, aishi katika mji uliotekwa na majeshi ya kigeni, naye atamani kuwa haramia wa angani. Huwaibia askari waliouteka mji wake, akisema anarudisha kilicho cha wenyeji. Yatima katika mji uliotekwa! Nani katika Goma asiyeielewa hamu yake?

Neno kwa wazazi

Ninyi wazazi mnaotaka kuuchoma mchezo huu, twawauliza: je, mtamchoma na sungura? Bibi zetu walitusimulia jinsi sungura alivyomdanganya simba, akamwibia fisi chakula chake, akacheka. Tulicheka pamoja naye. Hatujasikia mtu aliyekwenda kuungama kwa sababu alimcheka fisi. Mtoto ajua hadithi ni hadithi, nayo mazimwi ya kwenye kioo hayamrogi mtu, kama vile zimwi la bibi halikumla mtu.

Tena mchezo huu una mema si haba. Rafiki haachwi nyuma. Ahadi hutimizwa. Mwenye nguvu anayemwonea mnyonge huitwa mwovu, wala hafunikwi kwa maneno matamu. Mchezo una hata hesabu ya heshima: Vyse akijibu kwa moyo, cheo chake hupanda, akijibu kama mwoga au mpumbavu, hushuka. Mtoto anayejifunza kwamba neno la kinywa chake lina hesabu hajapotea bure.

La kuwasumbua ni saa, fedha na shule, na hayo ni kazi ya mzazi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyumba yenye saa ya kucheza na saa ya kuzima haimwogopi Vyse. Lakini mchezo uliopigwa marufuku nyumbani utachezwa kwa jirani, na huko hapana wa kuuliza swali.

Neno kwa vijana

Sasa twawageukia ninyi vijana. Mwasema ni mchezo tu. Lakini ndani yake mna fundisho moja linaloingia polepole, na hapa Kivu fundisho hilo lina damu. Fundisho lenyewe ni hili: wapo wanyang'anyi wabaya, na wapo wanyang'anyi wema, yatosha kuchagua rangi iliyo njema.

Tazameni majina ya waliopita mbele ya macho ya wazazi wenu. Mwaka 1996 wakaja wa "Ukombozi", AFDL, wakaushika mji. Mwaka 1998 hapahapa Goma ukazaliwa RCD, na jina lake likataja "Demokrasia". Baadaye ukaja CNDP, ambao ulijiita mtetezi wa "Umma". Novemba 2012 M23 wakaingia mjini, wakatoka. Mwishoni mwa Januari 2025 wakaingia tena, na watu kwa maelfu wakafa au wakakimbia kambi zao. Kwa upande wa pili wakasimama makundi yanayojiita "Wazalendo". Ukombozi, demokrasia, umma, uzalendo! Je, mmepata kuliona kundi lililojiandika jina la Maharamia Weusi? Halipo. Hapa kwetu wote ni wa buluu.

Wala tusidhani kwamba sare ya serikali yatosha kumtakasa mtu. Askari wa serikali waliokimbia Goma Novemba 2012 walifika Minova, wakawatendea wanawake maovu ambayo kesi yake ilihukumiwa na mahakama ya kijeshi mjini Goma mwaka 2014. Sare pia ni rangi tu.

Kwa hiyo kijana aliyezoea kuuliza "rangi gani?" ni rahisi kumpata. Anayekuja kumwandikisha hamwambii, "Njoo tuwaibie watu." Humwambia maneno yaleyale ya mchezo: twawapiga wenye silaha, twawalinda wanyonge, nawe utakuwa shujaa. Watoto wengi wa nchi hii, wale tuliowaita kadogo, walibebeshwa bunduki kwa maneno hayo. Bosco Ntaganda, aliyewahi kutembea Goma kama jenerali, alihukumiwa The Hague mwaka 2019 kifungo cha miaka 30 kwa makosa ya Ituri ya miaka ya 2002 na 2003. Kati ya makosa hayo lilikuwamo la kuwatia vitani watoto wasiotimiza miaka 15.

Nani anayelipa?

Kwa nini basi haramia mwema awezekana katika mchezo, naye hawezekani Masisi wala Walikale? Sababu si ngumu. Katika mchezo haramia hali ugali wa mtu. Kisiwa cha kina Vyse chaishi kwa mateka ya dola tajiri, na mateka hayo hayakomi. Hakuna mwanakijiji anayetozwa. Adui akishindwa hutoweka, wala hana mama wa kumlilia. Na mchezaji akikosea hurudi mahali alipohifadhi mchezo wake, akaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwetu mtu mwenye bunduki asiye na mshahara ana njaa saa sita mchana kama watu wote. Atakula wapi? Atakula katika shamba lililo karibu. Ataweka kamba barabarani, ile tunayoiita bariere, na kila apitaye atalipa. Haishambulii gari yenye silaha, maana ni hatari. Humngoja mama mwenye kikapu cha maharagwe, na mwenye chukudu aliyebeba makaa. Sheria ya Maharamia wa Buluu hapa yasomwa kinyume: wenye silaha huachwa, mnyonge huguswa.

Basi, vijana, acheni kuuliza "rangi gani?" Ulizeni "nani anayelipa?" Swali hilo likiulizwa, buluu yote huchujuka.

Msije mkatuambia kwamba Mt. Augustino alimtetea haramia. Ni kweli kwamba askofu huyo wa Hippo, Afrika ya Kaskazini, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, alisimulia habari ya haramia aliyeletwa mbele ya Aleksanda Mkuu. Haramia alimjibu mfalme kwamba kazi yao ni moja, ila yeye ana chombo kimoja na mfalme ana vyombo vingi. Wengi hulipenda jibu hilo, wakidhani haramia ametakaswa. Hasha! Augustino hakumpandisha haramia akawa mfalme. Alimshusha mfalme asiye na haki akawa haramia. Alitaka wote wawili wapimwe kwa mzani mmoja wa haki, naye asiyetenda haki, mkubwa au mdogo, ni mwizi.

Mlima wa mawe

Kuna sehemu moja ya mchezo huu ambayo twataka kila kijana wa Kivu aitazame kwa macho mawili. Vyse afika nchi ya misitu iitwayo Ixa'taka. Huko kuna mlima wenye mawe ya mwezi, na watu wa Valua wamewashika wenyeji, wanawachimbisha kwa nguvu, ili merikebu za dola zipate kuruka.

Mchezaji wa Chicago au wa Tokyo huona mlima wa kubuni. Mchezaji wa Goma ana mlima wake. Rubaya iko Masisi, kaskazini-magharibi ya mji wetu. Humo hutoka koltani. Koltani husafishwa ikatoa tantalamu, na kwa unga wa tantalamu hutengenezwa vidude vidogo vya kushika na kutoa umeme, vinavyowekwa katika simu, katika kompyuta na katika mashine za michezo.

Sasa sikieni jambo la tarehe. Mwishoni mwa mwaka 2000, mahitaji ya simu na mashine hizo yalipopanda ulimwenguni, bei ya tantalamu ilipanda mara kadhaa katika miezi michache. Mwezi wa Novemba 2000, mwezi uleule ambao mchezo wa mawe ya mwezi uliuzwa kwa mara ya kwanza Marekani, RCD hapa Goma iliipa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje, ili fedha ziingie vitani. Watoto wakaacha shule kwenda mashimoni. Katika mbuga ya Kahuzi-Biega wanyama wakauawa ili wachimbaji wapate nyama. Mwaka 2001 bei ikaporomoka, ikawaacha wachimbaji na mashimo.

Na mambo hayo hayakuishia huko. Mwaka 2024 M23 iliishika Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa mwaka huo kwamba kundi hilo lilipata angalau dola 800,000 kila mwezi kwa ushuru wa koltani ya huko, na kwamba angalau tani 120 kila mwezi zilivushwa hadi Rwanda. Waliandika pia kwamba wenyeji walilazimishwa kufanya salongo ya kupanua barabara ya kupitishia mawe. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba eneo hilo hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya ulimwengu.

Mchezo haukubuni basi. Ulisimulia habari zetu bila kutujua. Ila mchezo wamtuma shujaa mmoja aingie mlimani na upanga, na sisi tumewaona walioingia mlimani kwa silaha wakisema wamekuja kuokoa. Kila mmoja alimfukuza aliyekuwapo, akakalia kiti chake, akatoza ushuru uleule.

Maharamia wa anga yetu

Tena haramia wa angani si jina la kuazima. Anga ya Goma imewajua. Katika miaka ya 2000 mawe ya bati ya Bisie, huko Walikale, yalibebwa migongoni msituni, kisha ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, zikayaleta Goma. Waliokalia mgodi ule hadi mwaka 2009 walikuwa askari wa brigedi ya 85 ya jeshi la serikali, waliokuwa zamani Mai-Mai. Waliingia kama walinzi, wakaishi kwa ushuru.

Februari 2011, kwenye uwanja wetu wa ndege, ilizuiwa ndege ya fahari aina ya Gulfstream, katika biashara ya dhahabu ya zaidi ya kilo 400. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walimtaja Ntaganda kuwa ndani ya shauri hilo. Hao ndio maharamia wa angani walivyo. Hawana bendera, wala wimbo, wala sheria ya kumhurumia mnyonge. Wana hati, mihuri na fedha taslimu, na dhahabu yao haijengi hata darasa moja.

Tufanye nini?

Hatusemi mchezo uchomwe. Twataka uchezwe kwa akili iliyo macho.

Kwanza, mzazi aketi karibu. Asiseme, "Zima upuuzi huo." Aulize: "Huyu uliyemteka, mali yake ilitoka kwa nani? Kijiji hiki chala nini? Yule aliyeanguka, nani atamlea mtoto wake?" Maswali matatu hayo yafaa kuliko fimbo.

Pili, vijana mnaocheza pamoja, mtumie nusu saa baada ya mchezo kuzungumza. Mchezo umeweka hesabu ya heshima ya Vyse. Wekeni na ninyi yenu. Si heshima kuteka merikebu mia kwenye kioo, na hapohapo kumkata mwenzako fedha ya kucheza kwa ujanja.

Tatu, mtu akija kuwaita katika kundi lolote, la rangi yoyote, kwa jina lolote zuri, mkumbuke swali letu: nani atalipa? Akikosa jibu, au akijibu kwamba watu watachangia kwa hiari, jueni kwamba mama wa maharagwe ndiye atakayelipa.

Nne, neno hili ni la wanunuzi wa mbali, ambao hawatausoma ukurasa huu, lakini ndugu zetu wanaoishi kwao wanaweza kuwapelekea. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010, na Ulaya kanuni iliyoanza kazi mwaka 2021, kuwataka wafanyabiashara waeleze madini yao yatoka wapi. Ni vizuri. Lakini karatasi haimzuii mtu anayepitisha mawe usiku. Anayeshika kishikio cha mashine na kuwahurumia wachimbaji wa Ixa'taka, awahurumie pia wa Rubaya, ambao mlima umewaporomokea si mara moja.

Na kama vijana wa Goma wanatafuta mashujaa, hawana haja ya kupanda mawinguni. Januari 2002, na tena Mei 2021, mto wa moto wa Nyiragongo uliposhuka, watu wa mji huu walibebana. Wagonjwa walitolewa mgongoni, watoto wa jirani walishikwa mkono, na waliorudi walijenga nyumba upya juu ya mawe ambayo yalikuwa hayajapoa vizuri. Hawakumpiga mtu, wala hawakumtoza mtu. Mtu mmoja hawezi kumaliza kazi ya namna hiyo kwa upanga, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeitungia mchezo.

Chezeni basi, vijana wetu, mkiwa mmemaliza masomo, kwa saa mliyopewa. Rukeni na Vyse mpendavyo. Lakini mkizima mashine na kutoka nje, kumbukeni kwamba hapa chini hakuna haramia wa buluu. Wapo wanaofanya kazi, na wapo wanaonyang'anya. Chagueni upande wa wanaofanya kazi.